Usiangalie dizaini yako, angalia mafaili unayotuma

Bodi za saketi nilizoagiza kiwandani zilipofika nilifungua boksi hapo hapo hata chai sijamaliza, nikaona kijani safi, maandishi meupe yamekaa vizuri, shaba inang'aa, nikasema leo ndo leo. Nikachukua ile konekta ya umeme unayochomeka adapta, ina miguu mitatu bapa, nikaiweka juu ya matundu yake, ikagoma. Nikaigeuza, nikabonyeza kwa kidole gumba, wapi. Matundu yalikuwa ya duara na miguu ni bapa kama ncha ya bisibisi, itaingiaje? Bodi kumi na zote vile vile. Na mimi nakumbuka kabisa kwenye kompyuta yangu niliona matundu marefu, mipasuo ya haki, tena na picha ya 3D niliizungusha nikaitazama kila upande kama mtu anayenunua gari.

Nikarudi kwenye mafaili niliyotuma kiwandani, nikayafungua kwa mara ya kwanza (ndiyo, kwa mara ya kwanza, usinicheke) na programu nyingine kabisa tofauti na ile niliyochorea. Mipasuo haikuwepo. Aliyechora kile kielelezo cha konekta alikuwa ameweka matundu ya duara kwenye pedi (vile vipande vya shaba vya kulehemea miguu), halafu ule mpasuo akauchora kama mistari tu kwenye leya ya maelezo ya kimekanika, leya ambayo haitoki kabisa unapotoa mafaili. Mimi kwenye skrini nilikuwa naona mistari nikaamini ni matundu. Na ile picha ya 3D niliyokuwa naizungusha ilikuwa na modeli ya konekta imekaa juu ya matundu, imefunika kila kitu. Nikaishia kuchukua tupa ndogo na kuchonga bodi moja moja, na ukichonga hivyo ile shaba iliyopakwa kwenye kuta za tundu inaondoka yote kwa hiyo inabidi ulehemu juu na chini, mguu kwa mguu. Kiwanda hakikukosea kitu, walitengeneza kile nilichowaandikia.

Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndo nataka nikueleze hapa kwa sababu kila nikisaidia mtu anayeanza kutengeneza bodi za saketi nakuta anafanya kama nilivyokuwa nafanya mimi: anakagua dizaini siku tatu, halafu anabonyeza kitufe cha kutoa mafaili, anazip, anatuma, hajayatazama hata dakika moja. Kiwanda hakijui kabisa kuhusu dizaini yako, kinachofika kule ni fungu la mafaili kumi hivi ya maandishi, na kila moja linasomwa peke yake na programu ambayo haijawahi kukutana na ile unayochorea wewe. Kwa hiyo kinachotakiwa kukaguliwa ni hayo mafaili, tena kwa macho ya programu ya mtu mwingine. Ukiyafungua kwa programu ile ile iliyoyaandika, kosa lake la kuandika litalingana na kosa lake la kusoma na utaona mambo yote mazuri.

Sasa programu gani. Mimi naanza na gerbv, ni ya zamani, ya bure, sura yake haivutii hata kidogo, lakini inasoma Gerber (muundo wa yale mafaili yanayoielezea bodi leya kwa leya) na faili za matundu bila maringo na unaweza kuiendesha kwa amri bila hata kufungua dirisha. Ukichorea KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi, unayo tayari GerbView ndani yake, inafungua hata zip nzima, ila kumbuka nilichosema, ni ndugu wa tumbo moja na programu iliyoandika, kwa hiyo isiwe peke yake. Ucamco, kampuni ya Ubelgiji inayosimamia muundo wa Gerber wenyewe, nao wana kitazamaji cha bure mtandaoni, na hicho mimi ndo nakifanya hakimu, programu mbili zikigombana namwita huyo. Halafu ukipenda kuandika skripti zako kuna pcb-tools na gerbonara za Python, na tracespace ya JavaScript inayokutolea picha za SVG. Mbili kati ya hizo zinatosha, cha muhimu ziwe hazina undugu.

Lakini kabla ya kitazamaji chochote, fungua faili moja kwenye kihariri cha maandishi cha kawaida. Watu wanaogopa, wanadhani watakuta takataka za kikompyuta, kumbe ni maandishi matupu. Faili dogo kabisa la Gerber liko hivi:

%FSLAX46Y46*%
%MOMM*%
%LPD*%
%ADD10C,0.250000*%
%ADD11R,1.700000X1.700000*%
G01*
D10*
X12500000Y-4000000D02*
X20000000Y-4000000D01*
D11*
X20000000Y-4000000D03*
M02*

Twende taratibu. MOMM ni kwamba vipimo ni milimita (ingekuwa inchi ungeona MOIN). FSLAX46Y46 inasema kila namba ina tarakimu 4 kabla ya nukta na 6 baada yake, nukta yenyewe haiandikwi, na sifuri za mbele zimeachwa. Kwa hiyo ile X12500000 ukihesabu tarakimu sita kutoka nyuma unapata 12.5, yaani milimita kumi na mbili na nusu. Y-4000000 ni hasi nne. ADD10C inatengeneza apecha namba 10, duara lenye kipenyo cha milimita 0.25, na ADD11R inatengeneza namba 11, mstatili wa 1.7 kwa 1.7. Halafu D02 ni nenda pale bila kuchora, D01 ni nenda huku unachora, D03 ni piga fleshi hapo hapo. Basi. Umechora njia ya shaba kutoka 12.5 hadi 20 na mwisho wake ukagonga pedi ya mraba. Ukielewa mistari hiyo umeelewa karibu asilimia kubwa ya bodi yoyote utakayoishika, mengine ni pinde na maeneo ya kujaza.

Maneno haya ya apecha na fleshi yana hadithi yake na ukiijua hutayasahau. Jina Gerber ni la Joseph Gerber, mzaliwa wa Vienna aliyekwenda Marekani akaanzisha kampuni iliyokuja kutengeneza mashine za kupiga bodi picha kwenye filamu. Mashine ilikuwa na taa, mbele ya taa kuna gurudumu lenye vitundu vya maumbo mbalimbali, kila kitundu ndo apecha. Ukitaka pedi, gurudumu linazunguka hadi umbo lake, taa inawaka na kuzima, fleshi. Ukitaka njia, taa inabaki inawaka huku kichwa kinatembea. Kwa hiyo faili la Gerber kiasili ni maagizo ya kuendesha taa. Muundo wa kwanza ule, RS-274-D, haukubeba hata orodha ya apecha, orodha ilikuja kwenye karatasi au faili la pembeni na mtu wa kiwandani alikaa anaziingiza kwa mkono, na wewe fikiria tu makosa yaliyokuwa yanatokea. Mwaka 1998 ikatoka RS-274X inayobeba kila kitu ndani, na 2014 ikaja X2 inayoongeza maelezo kama hili faili ni shaba ya juu, hili ni maski (ile rangi ya kijani) ya chini, na mwaka huo huo ule wa zamani ukafutwa rasmi. Programu yako ikikuuliza unataka nini, chagua X2. Ukiona bado ina kitufe cha RS-274-D, usikiguse.

Sasa tukae kwenye faili za matundu, kwa sababu huko ndo mabalaa yanakoishi. Shaba ikikosewa utaona, matundu yakikosewa unaweza usione hadi bodi ifike. Faili la matundu kwa kawaida siyo Gerber, ni muundo mwingine unaoitwa Excellon, jina la watengenezaji wa mashine za kutoboa, na una tabia zake. Angalia hili:

M48
METRIC,LZ
T1C0.8
%
T1
X0125Y004
M30

T1C0.8 ni keekee namba 1 ya milimita 0.8. Halafu tundu lipo X0125Y004. Ni wapi hapo? Kwa milimita huwa wanatumia tarakimu 3 kabla ya nukta na 3 baada. LZ maana yake sifuri za mbele ZIPO, kwa hiyo zilizoachwa ni za nyuma, unajazia nyuma: X inakuwa 012500, yaani 12.5, na Y inakuwa 004000, yaani 4. Safi. Sasa programu nyingine ikisoma faili hilo hilo ikadhani ni TZ (kinyume chake, zilizobaki ni sifuri za nyuma), au mtu akakusahaulia ule mstari wa juu, itajazia mbele: X inakuwa 000125, yaani 0.125, na Y inakuwa 000004, yaani 0.004. Ona hapo, X imepungua mara mia na Y imepungua mara elfu. Kwa hiyo siyo kwamba matundu yanakuwa madogo kwa uwiano, yanavurugika kabisa, na kwa sababu kipenyo cha keekee kimeandikwa na nukta yake wazi chenyewe hakibadiliki, unachoona kwenye kitazamaji ni lundo la matundu makubwa yamebanana kwenye kona ya bodi kama nzi kwenye embe. Ukishaona picha hiyo mara moja utaijua maisha yako yote.

Na kilichonichanganya mimi muda mrefu ni hiki, kwenye Gerber ile L ya FSLA maana yake sifuri za mbele ZIMEACHWA, kwenye Excellon LZ maana yake sifuri za mbele ZIMEBAKI. Herufi ile ile, maana kinyume. Sijui nani alikaa wapi akaamua hivyo. Dawa yake ni rahisi, kwenye programu yako ya dizaini sehemu ya kutoa matundu chagua namba zenye nukta, uone X12.5Y-4.0 imeandikwa waziwazi, hapo hakuna wa kubahatisha. Hakikisha pia vipimo vya matundu na vya shaba ni aina moja, milimita na milimita. Kitazamaji kikikosa habari hiyo kinakisia, na kikikisia vibaya matundu yote yanakua au kupungua mara 25.4 na hapo angalau utashtuka maana yatakuwa yametoka nje ya bodi au yamejikunyata.

Mipasuo nayo, ile iliyonitesa. Kwenye Excellon mpasuo unaandikwa kwa G85, kitu kama X10.0Y5.0G85X12.5Y5.0, maana yake toboa kuanzia hapa hadi pale. Kuna vitazamaji na mashine za zamani zisizojua G85, zinaweza kukuonyesha tundu moja tu au zisikuonyeshe kitu. Kwa hiyo bodi yako ikiwa na mipasuo, fungua faili la matundu utafute neno G85 kwa macho yako, lihesabu, kama una konekta yenye miguu mitatu bapa na hukuti G85 hata moja, uliza maswali (viwanda vingine hupendelea mipasuo ichongwe kwa faili la njia ya kukata, soma maelekezo yao kabla ya kutuma). Na angalia mafaili mawili yapo, matundu yenye shaba ndani na yasiyo na shaba, KiCad anayaita PTH na NPTH. Nimeshaona mtu ametuma moja tu, bodi zikarudi hazina matundu ya skrubu.

Haya, umefungua kitazamaji, umepakia mafaili yote. Kuna vitu viwili vinawashtua wageni na vyote havina shida, ila watu wanavi"rekebisha" wanaharibu.

Cha kwanza, leya ya chini inaonekana imegeuka, maandishi yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Ni sawa! Mafaili yote yanachorwa kama vile unatazama bodi kutoka juu na bodi yenyewe ni ya kioo, unaona mpaka chini. Maandishi ya chini yakisomeka vizuri kwenye kitazamaji ndo ogopa, maana bodini yatakuja kinyume na shaba yote ya chini itakuwa imegeuzwa nayo, hakuna pedi itakayokutana na tundu lake. Mimi siku hizi kila bodi naweka maandishi madogo ya shaba, JUU upande wa juu na CHINI upande wa chini, nikifungua kitazamaji natafuta kwanza hayo: JUU isomeke, CHINI isisomeke. Sekunde tano.

Cha pili, faili la maski, yaani ile rangi ya kijani. Ukilifungua peke yake unaona vipedi tu vimetapakaa kwenye weusi, unasema mbona rangi haipo? Faili la maski linachorwa kinyume, kinachoonekana ni pale ambapo rangi HAITAWEKWA. Kwa hiyo kila pedi unayotaka kulehemu lazima uione pale, na ukikuta eneo kubwa limejazwa jua shaba hiyo itabaki uchi. Hapa kaa kidogo, vuta karibu kwenye chipu zako zenye miguu iliyobanana. Chukua miguu inayopishana milimita 0.5, pedi zina upana wa 0.3, katikati inabaki 0.2. Ukiacha maski ipanuke 0.05 kila upande, ule ukuta mwembamba wa rangi kati ya pedi unabaki 0.1. Ukiacha ipanuke 0.1, ukuta unaisha kabisa, pedi zote zinaingia kwenye dirisha moja na lehemu itatiririka kutoka mguu hadi mguu. Kipimio kipo ndani ya kitazamaji, pima, usikisie kwa macho.

Tukija kwenye kutoa picha, yaani kuchora mafaili haya yawe PNG au SVG ya kumtumia mtu au kuweka kwenye maelezo ya mradi, kuna mtego niliouingia mwenyewe. Amri ya gerbv ni nyepesi tu:

gerbv -x png -D 600 -o juu.png bodi-F_Cu.gbr

Hiyo 600 ni nukta kwa inchi, na ndo roho ya jambo. Nukta 600 kwa inchi ni kama maikromita 42 kwa kila pikseli. Njia ya shaba ya milimita 0.15 itapata pikseli tatu na nusu, inaonekana. Sasa mimi nilikuwa naweka 150 ili faili liwe jepesi, hapo kila pikseli ni karibu maikromita 170, na nafasi ya milimita 0.1 kati ya njia mbili inamezwa kabisa, au njia mbili zilizogusana kwa bahati mbaya zinaonekana sawa tu na zisizogusana. Picha nzuri ya rangi, haina habari yoyote ndani yake. Kama unataka picha ya kukagulia siyo ya kupambia, nenda 2400, kila pikseli itakuwa maikromita 10 na kitu, bodi ya sentimita kumi itatoa picha ya pikseli elfu tisa na ushee kwa upande, kompyuta itahema kidogo lakini itafika. Au toa SVG, hiyo unavuta karibu mpaka uchoke.

Niliwahi pia kuandika kichoraji changu mwenyewe, wikendi mbili, nikijua ni mchezo tu, D01 D02 D03, kuna nini hapo. Kilichonipiga ni LPC. Gerber ina rangi mbili, LPD ya kuchora na LPC ya kufuta, na mafaili mengi hasa yale yenye eneo kubwa la shaba ya ardhi (ground) yanachora eneo zima kwanza, halafu yanafuta miduara kuzunguka pedi, halafu yanachora pedi tena juu. Mpangilio ni muhimu, kinachofutwa ni kilichochorwa kabla yake ndani ya faili hilo tu. Mimi nilikuwa napaka LPC kama rangi nyeusi moja kwa moja kwenye picha ya mwisho, matokeo yake leya ya juu ikawa inatoboa leya ya chini, nikiweka shaba mbili pamoja ile ya chini inaonekana kama imeliwa na panya. Nilitafuta kosa kwenye hesabu za pinde siku nzima, na hesabu zilikuwa sawa. Dawa ni kuchora kila faili kwenye turubai lake peke yake, ukishamaliza ndo unazipanga moja juu ya nyingine. Kama unaandika cha kwako, anza hivyo.

Na tukiwa kwenye pinde, hii ndo kesi niliyoipenda kuliko zote. Jamaa mmoja alinitumia mafaili, kitazamaji kimoja kinaonyesha bodi nzuri, kingine kinaonyesha duara kubwa la shaba limelala katikati ya bodi kama sahani, limefunika njia zote. Faili lile lile! Akasema kitazamaji cha pili kibovu. Tukafungua maandishi. Faili lilikuwa la inchi, tarakimu 2 na 4, yaani hatua ndogo kabisa linaloweza kuandika ni inchi 0.0001, ambayo ni maikromita 2.54. Kwenye ukingo wa eneo la shaba kulikuwa na upinde mfupi mno wa duara kubwa, mfupi kiasi kwamba baada ya namba kukatwa, mwanzo wake na mwisho wake vikawa nukta ile ile moja. Sasa kwenye Gerber, ukiwa umeweka G75, upinde unaoanza na kuishia mahali pamoja maana yake ni duara zima, na ukiwa na G74 ya zamani maana yake ni upinde wa urefu sifuri, hakuna kitu. Faili lilikuwa na G75. Kwa hiyo kitazamaji alichokiita kibovu ndo kilikuwa kinasema ukweli, na kile kizuri kilikuwa kinamhurumia. Akatoa upya kwa milimita 4 na 6, hapo hatua ndogo kabisa ni nanomita moja, duara likapotea. Ndo maana nakwambia weka mbili zisizo na undugu, na zikitofautiana usichague ile inayokufurahisha.

Kitu kidogo pembeni, kama unajenga tovuti au skripti inayopokea mafaili ya watu usiowajua na kuyachora, kumbuka haya ni mafaili ya kusomwa kama mengine na yanaweza kuandikwa kwa nia mbaya. Mwaka 2021 zilitangazwa kasoro za kiusalama kwenye gerbv 2.7.0, moja ikiwa kwenye kusoma namba ya keekee kwenye faili la matundu, namba ikiwa ya ajabu programu inaandika kumbukumbu isiyo yake. Tumia toleo jipya, na uliendeshe mahali palipozungushiwa uzio (sandbox), pasipoweza kugusa mengine kwenye kompyuta. Kwa mafaili yako mwenyewe nyumbani huna haja ya kuhangaika.

Mwisho kuna lile tatizo la kijinga kuliko yote, folda lenye mafaili ya vizazi viwili. Umetoa mafaili jumatatu, jumanne ukabadilisha jina la mradi kidogo, ukatoa tena kwenye folda lile lile, sasa una shaba ya juu mbili, moja mpya moja ya zamani, na kiwanda kitachukua ipi? Mimi nafuta folda kabisa kabla ya kutoa. Nikishazip, natoa ile zip kwenye folda jingine jipya na kufungua hayo ndani ya kitazamaji, siyo yale ya mwanzo, maana kinachotumwa ni zip. Kama ni toleo la pili la bodi niliyokwisha kuitengeneza, napakia shaba ya zamani na mpya kwa pamoja kwenye gerbv, kwa rangi ile ile, na kuweka ile namna ya kuchora yenye XOR, vinavyofanana vinafutana na kinachobaki kinang'aa ni mabadiliko tu. Nikiwa nimesogeza kipinga (resistor) kimoja halafu naona kitu kinang'aa upande wa pili wa bodi, nina kazi ya kufanya usiku huo.

Halafu nahesabu matundu. Gerbv ina menyu ya uchambuzi, inakupa jumla ya matundu kwa kila keekee, na programu ya dizaini nayo inatoa ripoti yake, naweka hizo mbili pembeni kwa pembeni. Wiki iliyopita moja imesema 214 na nyingine 212. Nilitafuta nusu saa, kumbe ni matundu mawili ya skrubu niliyoyaweka kama duara kwenye ukingo wa bodi badala ya kuyaweka kama matundu. Yangetoboka tu kwa namna nyingine, lakini nilirekebisha nikatoa upya, nikafuta folda, nikazip, nikafungua zip, nikahesabu tena. 214 na 214. Ndo nikatuma.